Filamu irudi kwa wenyewe

Maneno ya kikundi kidogo cha watengenezaji filamu wa Lubumbashi, yaliyosemwa mbele ya jamaa zilizohama makwao na viongozi wao

 

Tuliombwa tuseme juu ya kazi yetu ya sinema: tulijifunza wapi, tunaifanyaje, na kwa nini tunaifanya bila kuajiriwa na televisheni wala kampuni. Tutajaribu kujibu. Lakini tunajua kwamba wengi wenu mna swali lingine ambalo hamkulileta mbele ya kipaza sauti. Tulilisikia tulipokuwa tunapanga viti. Mzee mmoja alimwambia mwenzake: hawa nao wamekuja na kamera, na zile za kwanza zilituletea nini? Hilo ndilo litatuchukua muda mrefu zaidi leo.

Tuko watu watano. Hakuna kati yetu aliyesoma shule ya sinema. Mmoja alikuwa fundi wa radio kule Katuba, mmoja alikuwa anapiga picha za arusi na za vilio, mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, na wawili walianzia kwenye maigizo ya parokia. Kamera yetu ya kwanza ilikuwa ya kukopa, na ilibidi tuirudishe kila Jumamosi kwa sababu mwenyewe alikuwa na arusi za kupiga.

Wawili kati yetu ni watoto wa watu waliohama. Jamaa ya mmoja ilitoka upande wa Mitwaba, wakati wa vita vilivyofanya watu waite sehemu ile ya Mitwaba, Pweto na Manono pembetatu ya kifo. Mwingine alizaliwa Likasi. Watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, mwaka 1992 na 1993, wazazi wake walilala kwenye stesheni pamoja na maelfu ya wengine wakingoja treni. Yeye alikuwa mtoto wa mgongoni. Katika ile safari walipoteza sanduku, na ndani ya sanduku picha zote za nyumbani. Leo hana picha hata moja ya baba yake. Tunaanza na habari hii ili msidhani kwamba tunakuja kusema kamera ni kitu kibaya. Mwenzetu huyu angetoa mshahara wa mwaka mzima apate picha moja ya baba yake akiwa amekaa pale stesheni, hata akiwa mchafu na mwenye njaa.

Walimu wetu

Walimu wetu wa kwanza hawakushika kamera. Wale wenye umri wa kutosha mnakumbuka kikundi cha Mufwankolo. Kwa miaka mingi kilicheza kwenye radio na televisheni ya Lubumbashi, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha mjini chenye Kifaransa ndani yake. Hawakuwa na karatasi yenye maneno yote. Walikubaliana juu ya kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian alifuatilia jinsi walivyotengeneza igizo moja kutokana na usemi juu ya utawala, tangu walipoanza kubishana mpaka siku ya kulicheza mbele ya kamera za televisheni, akaandika kitabu juu ya kazi ile. Sisi tulipokuwa wadogo tulicheka tu. Baadaye tuliona kulikuwa na somo. Ukimpa mtu maneno ya kukariri, ataongea kama mwanafunzi mbele ya inspekta. Ukimwacha atafute yake, atasema mambo ambayo hata wewe hukujua kumwuliza.

Mwalimu mwingine ni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1947. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na picha zake ziliuzwa kwa watu wa kawaida, wakazitundika sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha karibu 100 zinazofuatana, akisimulia historia ya nchi tangu zamani za mababu mpaka siku zake. Alijiita mwanahistoria, na aliandika maneno juu ya picha zake ili mtu asikosee anachoangalia. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuonekana tena. Ukizipanga zile picha moja baada ya nyingine, ni filamu tayari. Haina umeme tu.

Na katika wale wa siku zetu yuko Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi. Katika kazi yake iliyoitwa Mémoire, ya mwaka 2006, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi akaziweka juu ya picha za viwanda vilivyobaki magofu. Ukiangalia, unaona babu yako amesimama mahali ambapo leo ni kutu tupu. Yeye na wenzake ndio walioanzisha Picha, ambayo tangu mwaka 2008 imekuwa ikileta wasanii wa nchi mbalimbali katika mji huu. Tulipata elimu kubwa pale kwa kusimama nyuma na kusikiliza.

Sinema yenyewe iliingia Katanga kwa mlango mwingine, na ni lazima tuuseme. Wakati wa Wabeleji, wafanyakazi wa Union Minière walionyeshwa filamu kwenye makambi yao, jioni, kwenye kitambaa cheupe. Filamu zile zilichaguliwa kwa ajili yao. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuona kila filamu aliyoiona mzungu, na kulikuwa na kamisheni ya kukagua. Mara nyingi mtu alisimama pembeni akiwaeleza watazamaji kile walichotakiwa kuelewa. Wamisionari nao walitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, ambavyo wazee wetu walivipenda, na hatuwalaumu, kwani vilichekesha kweli. Lakini tazameni desturi iliyoanza pale: kamera ni ya mgeni, maelezo ni ya mgeni, na mwenyeji amekaa chini anaangalia. Zile kamera za kwanza alizozitaja mzee wetu zilikuja kwa njia hiyo hiyo, hata kama gari lililozileta lilikuwa jipya.

Mtu wa Afrika aliyeugeuza mwendo huo zaidi ya wengine ni Ousmane Sembène wa Senegal. Alifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Marseille, akaandika vitabu, kisha akaona kwamba watu wa kwao wengi hawatavisoma. Akaenda Moscow kujifunza sinema akiwa na umri wa karibu miaka 40. Mwaka 1963 alitoa filamu fupi, Borom Sarret, juu ya mtu mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar: siku moja tu ya kazi yake, na jioni anarudi bila mkokoteni. Inachukua kama dakika 20. Tuliitazama mara nyingi mpaka tukajua kila kona ya barabara zile, na wale wanaosukuma mizigo sokoni hapa kwetu tukaanza kuwaona upya.

Lakini kwa ninyi mliohama, yule ambaye tungependa mmjue ni Raoul Peck. Yeye ni mtu wa Haiti. Wazazi wake walikimbia utawala wa Duvalier, na mwaka 1961 jamaa yake ilikuja kuishi Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kwa sababu baba yake alipata kazi huko. Mtoto mkimbizi alikulia Kongo. Alipokuwa mtu mzima alitaka kutengeneza filamu juu ya Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji wetu huu tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito. Ilipofika wakati wa kupiga picha, mwisho wa utawala wa Mobutu, hakuweza kuja. Angefanya nini? Alikaa Bruxelles, akapiga barabara zile za baridi, watu waliovaa makoti, viwanja vya ndege, na juu yake akaweka sauti yake mwenyewe akisimulia mambo aliyoambiwa na mama yake. Filamu ile inaitwa Lumumba, la mort d'un prophète. Mwaka 2000 alitengeneza nyingine, yenye waigizaji, na safari hiyo pia hakupata kupiga Kongo kwa sababu ya vita. Alipiga Zimbabwe na Msumbiji.

Sisi tulijifunza hapo kwamba mtu anaweza kusimulia mahali asipoweza kurudi. Wengi wenu mlifika hapa baada ya Goma kuchukuliwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Wengine mko hapa tangu mapigano ya Tanganyika, na mashamba yenu hamjayaona kwa miaka. Kijana mmoja wa kwenu alituambia hana cha kupiga kwa telefone yake kwa sababu kijiji kiko mbali. Tulimwomba apige mikono ya bibi yake akionyesha kwa vidole mahali mto ulipopita, wapi palikuwa na mwembe, wapi njia ya kwenda kanisani. Ile ramani ya mikono mtaiona leo jioni.

Baiskeli ya makala

Ndugu zetu wa Tanzania wakisikia neno makala wanafikiri habari ya gazeti. Kwetu ni makaa. Mwaka 2017 Mfaransa Emmanuel Gras alitoa filamu yenye jina hilo, na huko Cannes ikapewa tuzo kubwa ya Wiki ya Wachambuzi. Inamfuata Kabwita, kijana wa kijiji kimoja cha upande wa Kolwezi. Anakata mti mkubwa kwa shoka, anachoma makala, anapakia magunia juu ya baiskeli mpaka baiskeli yenyewe haionekani, kisha anaisukuma kilomita karibu 50 mpaka mjini. Anataka mabati ya nyumba. Njiani magari yanampita karibu kumwangusha, na kwenye kizuizi anaombwa pesa.

Tulipoionyesha mara moja katika ua wa shule, watu hawakusema kitu wakati wa filamu. Mwisho mama mmoja anayeuza makala alisimama akauliza: huyu mwenye kamera, kwa nini hakusaidia kusukuma?

Tulibishana juu ya swali lile mpaka usiku. Wengine walisema kama angesaidia, filamu ingekuwa uongo, kwa sababu kila siku Kabwita anasukuma peke yake. Wengine walisema mtu anayeangalia mwenzake akipanda mlima na mzigo, na mikono yake iko mitupu, ana deni kwake, filamu au siyo filamu. Sisi wenyewe mpaka leo hatukubaliani. Tunachoweza kusema ni namna tunavyofanya: tunapiga tukiwa tumekubaliana na mtu kabla, kisha kamera inawekwa chini na kazi ya siku ile tunaifanya pamoja naye. Mmoja wetu ana kovu la panga kwenye kidole kwa ajili ya mihogo ya mtu mwingine.

Filamu nyingine ambazo tungewaomba viongozi wazitafute ni za Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Katika Maman Colonelle, ya mwaka 2017, anamfuata Kanali Honorine Munyole, polisi anayelinda wanawake na watoto, aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Katika En route pour le milliard, ya mwaka 2020, anawafuata watu waliojeruhiwa katika vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani. Wengi wamepoteza mguu au mkono. Baada ya miaka 20 ya kungoja, wanapanda boti na kushuka mto mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Hakuna sauti ya mtaalamu inayotueleza vita vile. Wenyewe wanabishana, wanaimba, wanachekana, wanagombana juu ya nani atasema mbele ya wakubwa. Kuna sehemu wanacheza igizo juu ya maisha yao, na hapo tulimkumbuka Mufwankolo. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyoleta hukumu. Kesi ilianza zamani. Lakini mtu akiiona hesabu ile kwenye karatasi baada ya kuiona boti ile, anajua hesabu ni ya nani.

Namna tunavyofanya kazi

Vijana mmetuomba mambo ya ufundi, tuyaseme upesi. Ulalishe telefone yako, usiisimamishe. Jua liwe mgongoni mwako au pembeni, lisiwe nyuma ya mtu, isipokuwa unataka kuficha uso wake. Sauti ni kubwa kuliko picha: watu watavumilia picha mbaya, lakini maneno wasiyoyasikia watayaacha. Sogea karibu, zima radio ya jirani kwa adabu, funga kipande cha sponji juu ya maikrofoni wakati wa upepo. Usihamehame. Mtu akinyamaza, usikimbilie swali lingine; hesabu mpaka kumi moyoni. Na kama huna ruhusa ya kupiga barabarani, usijifanye shujaa. Marehemu Kiripi Katembo wa Kinshasa, mwaka 2008, aliweka kamera ndani ya gari la kuchezea la boksi likavutwa na mtoto, na mji ukaonekana kwa urefu wa magoti. Akili ya namna hiyo haihitaji pesa nyingi.

Sasa makosa yetu, ambayo ni ufundi pia.

Miaka kadhaa iliyopita tulimpiga mzee mmoja aliyekimbia kijiji chake. Aliongea Kiluba. Mtu aliyetutafsiria aliandika chini ya picha kwa Kiswahili kwamba mzee alitoroka usiku. Tulipeleka filamu mahali, ikaonyeshwa, watu wakapiga makofi. Ndipo tulipoirudisha kwa mzee mwenyewe. Mjukuu alimsomea maandishi. Mzee akasimamisha filamu kwa mkono, akasema: "Miye shikutoroka. Balitufukuza."

Mnaelewa tofauti. Anayetoroka ni mfungwa, au mwenye deni, au mume aliyeacha nyumba. Mzee alikuwa shefu wa ardhi. Kwa neno moja tulikuwa tumewaambia watu kwamba aliwaacha watu wake na makaburi ya wazazi wake. Watu wa kijiji chake waliokimbilia sehemu nyingine walikuwa wamekwisha kuliona. Tulibadili neno, tukatengeneza nakala mpya, tukaenda kuomba msamaha mbele ya wazee kama inavyotakiwa, na mbuzi tulitoa. Lakini nakala ya kwanza iko mahali fulani, na hatuwezi kuikusanya. Tangu siku ile hakuna filamu yetu inayotoka kabla wenyewe hawajaiona na kuisikia yote, maneno ya chini yakisomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma.

Kanuni hiyo ni rahisi kuisema, na imetugharimu. Baadaye tulifanya kazi na mama mmoja, hatutasema wa wapi. Alituhadithia usiku wa kuondoka. Alikuwa na watoto watatu na mama yake mzee asiyeweza kutembea. Alivuka mto na wawili, na wa tatu akamwacha na bibi. Alihadithia taratibu, huku akichambua maharagwe, bila kulia. Zilikuwa dakika tisa. Katika maisha yetu ya kazi hatujapiga kitu kilichofikia zile dakika tisa, na tulijua hivyo tukiwa bado tunashika kamera.

Tulipomrudishia kwenye kompyuta, aliangalia mpaka mwisho. Kisha akauliza kama filamu itaonyeshwa Lubumbashi. Tukasema ndiyo. Akatuambia kwamba yule mtoto wa tatu alipona, bibi alimleta mtu akamleta, na sasa ni kijana, yuko naye nyumbani. Kijana anajua alibaki na bibi kwa sababu walipotezana katika mbio. Hajui kwamba mama yake alichagua.

Tulibishana sisi kwa sisi wiki mbili. Mmoja alisema tufiche uso na kubadili sauti. Lakini kijana gani asiyejua mikono ya mama yake ikichambua maharagwe? Mwingine alisema, na hakuwa mtu mbaya kwa kusema hivyo, kwamba mama alikwisha kutoa ruhusa yake siku ya kwanza, alitia hata kidole gumba kwenye karatasi, na kwamba hadithi ile ingewasaidia wamama wengi wenye siri kama yake. Wafadhili walikuwa wanangoja, na tamasha moja la nje lilikuwa limeona kipande kidogo na kukitaka. Tulikaa na karatasi ile yenye kidole gumba mezani. Mwishowe aliyetuamua ni mwalimu wetu wa shule ya msingi. Alisema: siku aliyotia kidole alikuwa hajaiona filamu, kwa hiyo aliruhusu kitu asichokijua.

Tulizitoa zile dakika tisa. Filamu ikawa fupi na, tuseme kweli, ikawa dhaifu. Tamasha lile halikuichukua. Kadi yenye picha zile tulimpa mama mwenyewe, na hatukubaki na nakala. Ameifunga ndani ya kitambaa pamoja na karata yake ya uchaguzi. Kama siku moja atataka kumwonyesha mwanawe, yeye ndiye atakayeitoa.

Watu wakituuliza filamu huru maana yake nini, hatuna jibu lingine kuliko hilo. Pesa zetu ni kidogo, ndiyo, na hatuna tajiri. Lakini uhuru ule una maana kama yule anayepigwa naye ana uhuru wa kukataa, hata siku ya mwisho.

Neno kwa viongozi

Mtuvumilie hapa. Wageni wakija, baadhi yenu mnawapanga watu mstari. Mnamchagua mama yule yule anayelia vizuri, na mtoto yule yule mwenye tumbo. Tunajua kwa nini: mnatafuta chakula cha watu wenu, na mgeni asipoona shida hatoi kitu. Sisi pia tumefaidika na mstari ule, hatutajitoa. Lakini yule mama amehadithia kifo cha mume wake mara ngapi? Mmoja alituambia kwamba sasa anakihadithia kama mtu anayesoma sala, na usiku hakumbuki tena sura ya mume, anakumbuka maneno tu. Mwacheni apumzike. Mgeni akiuliza, mwambieni aulize nani anataka kusema, na kama hakuna, anywe chai arudi.

Na wale wanaofanya kazi ya amani, ambao ndio wanaotoa karatasi hii mnayosoma, wanatujua na wametukubalia tuseme hili. Shirika moja liliwahi kutuomba filamu ya jamii mbili zilizogombana, na mwisho wake uwe kukumbatiana. Tulikaa na watu wale miezi. Walikuwa wamekubaliana kuchota maji kwenye kisima kimoja, kwa zamu, wanawake wa upande mmoja asubuhi na wa upande mwingine mchana. Hawakukumbatiana. Tulipiga ndoo zikibadilishana zamu, na yule kijana aliyekaa pale na kitabu cha zamu. Shirika lilisema mwisho huu hautoshi. Tuliwauliza wenyewe wa kisima kama wangetaka kukumbatiana mbele ya kamera, wakacheka. Filamu ilibaki na ndoo, na malipo ya mwisho hatukuyapata. Kisima kile tulikipita mwaka jana. Zamu bado iko.

Kijana mmoja hapa mbele ameuliza kama kazi hii inalipa. Hailipi. Arusi ndizo zinazolipa.

Basi, programu ya leo ni hivi. Saa kumi na mbili na nusu, giza likishaingia, tutatundika shuka kwenye ukuta ule wa darasa. Tuna dakika 40 zilizopigwa na sisi pamoja na vijana wenu kumi na mmoja katika hii miezi mitatu. Kuna ramani ya mikono ya bibi. Kuna kikao cha wababa juu ya ada za shule, kirefu kidogo, mtuvumilie. Kuna wamama wa sokoni wanaomcheka mmoja wetu. Tutaonyesha ninyi peke yenu, hakuna mgeni aliyealikwa, na hakuna nakala iliyokwenda popote. Baada ya hapo tutakaa hapa hapa mpaka wa mwisho amalize kusema.

Lakini kuna ambao hawatataka kusema mbele ya wengine. Kwa hiyo kompyuta iko kwenye chumba cha mwalimu mkuu kuanzia sasa. Yeyote aliyepigwa aje aone sehemu yake peke yake kabla hatujawasha jenereta, na aseme ibaki au itoke. Hatutauliza sababu. Wamama wawili wameshakuja asubuhi. Mmoja amesema ibaki.